Kahawa ya Shemeji

Mtu akitoka Marekani humchagulii zawadi. Atakachokitoa begini ndicho chako, na kazi yako ni kuwahi kuupanga uso. Mimi wangu niliupanga kwa viatu. Nikaupanga na kwa saa, hata kwa ile fulana yenye jina kubwa la chuo ambacho katika ukoo wetu hajakanyaga mtu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akauzamisha mkono begini mpaka kwapani, akautoa na pakiti ya kahawa.

Kahawa, kutoka Marekani, kuja Tanga.

Jamani, Marekani ukiiondoa Hawaii na Puerto Rico hakuna pa maana panapolimwa kahawa. Sisi tunayo ya Kilimanjaro, ya Mbinga, ya Mbozi, na Kagera wana robusta yao ambayo ukiinywa jioni unakesha unahesabu mabati. Kahawa ya Moshi nyingine inapakiwa melini hapa hapa bandari yetu. Kwa hiyo inawezekana kabisa buni zile ziliondoka Tanga zikiwa guniani, hazina hata jina, zikaenda kusomeshwa ng'ambo, zikarudi na pakiti inayong'aa na zipu juu.

Hayo ningeyanyamazia, maana kahawa sijawahi kuikataa popote. Kilichonikera ni picha. Pakiti ilichorwa ua la vanila, ikachorwa kokwa za rangi ya kahawia ambazo shemeji aliniambia zinaitwa hazelnati, na pembeni kipande cha keki kilichomeguka vizuri. Buni haikuchorwa popote. Nikavaa miwani, nikaigeuza nyuma, nikasoma yale maandishi ya sisimizi: buni ya arabika, ladha asilia na ladha za bandia. Basi. Kokwa haimo. Ua halimo. Keki, sina haja ya kusema.

"Shemeji, ladha za bandia ndiyo nini?"

"Wewe onja kwanza, shemeji. Kule asubuhi mtu haongei na mtu kabla hajapata hii."

Sasa hapo palikuwa na hatari ambayo asiyekaa karibu na mkwewe hawezi kuiona. Mama alikuwa amekuja kumlaki mwanawe, kakaa kwenye kochi, mtandio begani, anatutazama. Na huyu ni kitindamimba wake. Kitindamimba akileta jiwe, mama yake atawaita majirani waone lilivyo duara. Nikasema kwa sauti ya kufika kwenye kochi, "Ahsante sana shemeji, umefanya jambo kubwa." Mama akaitikia kwa kichwa. Nikajua nimeponea hapo kwa muda.

Pakiti ilikuwa ya buni nzima. Shemeji akatueleza kwamba kahawa inatakiwa isagwe muda ule ule wa kunywewa, la sivyo harufu inaondoka. Hilo ni kweli, na hapa Ngamiani wazee walilijua kabla pakiti haijavumbuliwa. Ila nyumbani mashine ya kusagia hatuna. Tuna kinu kidogo cha mti, mali ya mke wangu, chenye kazi moja tu duniani: viungo vya pilau. Mwenye kinu alikuwa sokoni. Shemeji akakikamata kinu cha dada yake kwa ujasiri wa mtu mwenye tiketi ya kurudi.

Mchi uliposhuka mara ya kwanza, harufu ikatoka. Siwezi kusema ilikuwa mbaya, tuwe waungwana. Ilikuwa nyingi. Ilijaa sebuleni, ikatoka barazani, ikaruka ukuta. Punde tukasikia hodi. Mtoto wa jirani kasimama mlangoni, kisahani mkononi.

"Shikamoo. Mama anawasalimia."

"Marahaba. Na kisahani?"

"Kasema nije nacho tu."

Nikamwambia hakuna keki, ni kahawa. Akanitazama kwa ile huruma ambayo watoto huwawekea watu wazima waongo, akaondoka na kisahani chake. Mpaka leo jirani yule salamu zake ni fupi.

Kijana wangu yuko chuo na simu haimtoki mkononi, kwa hiyo maji yakiwa jikoni alitusomea jinsi kahawa za namna hii zinavyotengenezwa. Buni inakaangwa kwanza, joto linapita nyuzi 200 za Selsiasi. Ladha haiwezi kutiwa kabla ya hapo kwa sababu moto ungeifukuza yote. Buni zikishakaangwa na kupozwa zinatiwa kwenye pipa linalozunguka, halafu zinanyunyiziwa mafuta ya harufu mpaka kila moja ilowe. Kwa kawaida mafuta hayo ni kama asilimia 2 au 3 ya uzito wa buni. Kilo moja, basi, inabeba gramu 20 hadi 30 za kitu ambacho si kahawa. Na mafuta yenyewe mara nyingi yamechanganywa na kimiminika kinachoitwa propilini glaikoli ili yaenee sawasawa.

"Na hiyo vanila wanaipata wapi?" Mama akauliza.

"Bibi, harufu ya vanila inatokana na kitu kinaitwa vanilini. Nyingi inayotumika viwandani inatengenezwa kutokana na mafuta ya petroli."

Mama akawaza kidogo. "Si mafuta ya taa?"

"Hapana, Bibi."

"Afadhali."

Wakati tunasubiri maji nikamtaka kijana asome na habari za vanila ya kweli, walau tuijue kwa sifa. Kumbe ina kazi ya kuumiza mgongo. Ua lake linafunguka siku moja tu, na nje ya kwao Mexico halizai mpaka mtu alichavushe kwa mkono, ua kwa ua. Njia nyepesi ya kulichavusha ilipatikana mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, na aliyeipata ni mtumwa, mtoto wa miaka 12, Edmond Albius. Mpaka leo wakulima wa Madagascar, wa Uganda na wa Kagera kwetu wanafanya vile vile, kijiti na kidole gumba. Nikasikitika kwa niaba ya yule mtoto. Aliwapa watu ufunguo wa zao zima, utajiri wakala wengine, na sasa ua lake linachorwa kwenye pakiti ambayo tunda lenyewe halimo.

Maji yakachemka. Mimi nikafuata dele, dele la shaba la marehemu baba, lenye mdomo mrefu, limeshapikia misiba na harusi. Kijana akanizuia. Akasema kahawa ikitaka kuhukumiwa haipikwi, inaonjwa kwa utaratibu. Gramu 8.25 kwa maji mililita 150, na maji yawe nyuzi 93. Gramu 8.25! Nyumba hii haijawahi kuwa na mzani unaojua robo ya gramu. Kipimajoto tulicho nacho ni cha homa. Mama akamaliza ubishi kwa kusema maji yakiacha kupiga kelele ukahesabu kumi, ndiyo hayo.

Unamimina, unasubiri kama dakika 4, juu panafanya utando. Unauvunja kwa kijiko huku umeinamisha pua. Kisha unachota kidogo na kukivuta mdomoni kwa nguvu, kwa sauti, ili kahawa irushwe mpaka nyuma ya koo na harufu ipande puani kwa njia ya ndani. Kijana akatuonyesha. Ilisikika barabarani.

Hapa naomba nilalamike kidogo, hata kama ni nje ya mada. Mimi utotoni nilifinywa paja kwa kosa hilo hilo. Kuvuta kinywaji kwa kelele ilikuwa ni kukosa adabu, na mbele ya wageni ilikuwa ni kosa la kukosa na chakula cha usiku. Kumbe Moshi, kwenye makao ya Bodi ya Kahawa na mnada wake, kuna watu wazima wanaovuta kwa kelele na kutema kwenye ndoo, na mwisho wa mwezi wanasaini mshahara. Kipaji changu kiliuliwa kwa kidole na ukucha.

Basi tukavuta, nyumba nzima, isipokuwa Mama.

Nitaeleza nilichokipata, kwa haki. Ulimi wa binadamu una mambo machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama. Yaliyobaki yote ni kazi ya pua. Na vanila yenyewe haina utamu hata chembe. Ni kwamba tangu tulipozaliwa tumekutana nayo ndani ya keki, biskuti na aiskrimu, hivyo pua ikiinusa tu inaamrisha mdomo ujiandae kwa sukari. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Pua ikatangaza keki. Mate yakajaa. Ulimi ukafungua mlango, hakuna keki, yapo maji machungu mepesi yenye njaa, na nyuma yake arki.

Mama yeyote wa Tanga anaijua ile chupa ndogo ya arki kabatini. Tone moja kwenye keki ya Idi, ukipitisha mawili watu wanakula kwa heshima tu. Hapa mtu alimwaga chupa. Kahawa ukishaimeza inaondoka, arki inabaki, imekaa kooni na haina mpango wa safari.

Wataalamu wanahukumu kwa alama 100, na kahawa ikishindwa kufika 80 haiitwi ya daraja la juu. Fomu yao waliyoizoea miaka mingi ina vipengele 10: harufu, ladha, ladha inayobaki, uchachu, uzito wa kinywaji mdomoni na kadhalika. Niliijaza kichwani, Mama ananitazama. Harufu nikaipa nyingi, maana mwizi hodari naye ni hodari. Ladha nikaipa kidogo. Ladha inayobaki ilinitatiza, kwa kuwa ilibaki kweli, na kama ni suala la kubaki ilistahili zote. Uzito hakuna. Nikatafuta kipengele cha uongo nikakikosa, na huu ndio upungufu wa fomu hiyo.

"Haya shemeji, unasemaje?"

"Inanukia," nikajibu. Mwanamume aliyeoa anajua kuchagua.

Mama alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili muda wote huo. Alikinusa, akasema mashaallah. Akakinusa tena, akamsifu mwanawe kwa kuikumbuka nyumba. Kila tulipomtazama alikuwa ndiyo kwanza anakiinua. Kilipopoa kabisa akaomba sukari, vijiko vitatu. Akaomba maziwa. Akaomba kipande kidogo cha tangawizi kipondwe. Akachanganya, akanywa, uso ukamng'aa. "Sasa imekuwa chai," akasema.

Shemeji akaumia. Akasema sisi tuna unafiki. Wenyewe tunatia tangawizi kwenye kahawa, tunatia iliki, wengine mdalasini, halafu mtu akitia vanila tunamkunjia uso.

Hoja ina miguu, siikatai. Wahaya tangu kale wanachemsha tunda la kahawa pamoja na majani yenye harufu, wanalikausha na kulitafuna. Mgeni akifika kwao anakaribishwa kwa hilo. Ndugu zetu wa Oman kahawa yao ni nyepesi, ina iliki, mara nyingine zafarani au marashi ya mawaridi, na tende pembeni. Kuna sehemu za Ethiopia, ilikoanzia kahawa yenyewe, wanatia chumvi au siagi. Hakuna aliyeiacha peke yake.

Akaona amenishika, akaongeza kwamba kule msimu wa majani kupukutika watu wanapanga foleni kwa kahawa ya boga.

Mama akashtuka. "Boga hili la futari?"

Kijana akaperuzi. Kinywaji hicho Starbucks walianza kukiuza mwaka 2003, na boga lenyewe halikuwamo mpaka walipobadili mapishi mwaka 2015. Kilichokuwamo ni harufu ya viungo vinavyotiwa kwenye chakula cha boga: mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu.

"Kwa hiyo walikuwa wanakunywa pilau," Mama akasema, akarudi kwenye chai yake.

Mdalasini na karafuu, jamani, panda gari hapo mjini, pita Muheza, ukiukwea mlima wa Amani unavikuta vimesimama shambani. Sisi tunavitia kwenye wali kimya kimya. Wenzetu wamevibatiza boga na wanavipangia foleni.

Lakini nilikuwa sijamjibu shemeji, na jibu ninalo. Iliki ya muuza kahawa ninaiona. Inapondwa mbele ya macho yangu, na ikinikera naikuta chini ya kikombe naitema. Tangawizi ikiingia kwenye kahawa chungu inakuta mwenye nyumba yupo, ameshachemka saa nzima juu ya mkaa, ana kauli yake. Wanapambana, na wewe mnywaji unafaidi ule ugomvi. Hii ya pakiti haina mwenye nyumba. Kahawa iliyokaangwa ina zaidi ya aina 800 za kemikali za harufu ndani yake, kwa asili yake, bila kuongezewa. Wao wakaona imepungukiwa moja, wakaileta hiyo moja, ikawafukuza 800 wote. Na sababu ni biashara: buni ya kawaida, au iliyokaa ghalani mpaka ikachoka, ukishaivika arki nani atauliza umri wake? Mwenye buni nzuri haipaki manukato, anaogopa isionekane.

Haya yote niliyasema kwa sauti ya chini, maana Mama alikuwa bado macho.

Mke wangu akarudi sokoni. Alisimama mlangoni, akanusa, akauliza keki ya nani. Kisha akakiona kinu.

Mti hunywa mafuta, na mafuta yale yalitengenezwa makusudi yang'ang'anie. Kinu kikasuguliwa kwa chumvi na ndimu. Kikatwangiwa mchele mkavu. Kikaanikwa juani, kikafukizwa hata udi, kwa hiyo sasa kikawa na keki, ndimu na harusi. Ijumaa ikafika na wageni wa kumwona shemeji wakafika nayo. Pilau la mke wangu lina jina mtaani, sitaki kujivuna kwa niaba yake. Mfuniko ulipofunuliwa, mvuke ukapanda na bizari, na vitunguu vilivyoungua vizuri, na juu ya vyote, pweke na bila haya, hazelnati. Wageni wakala. Mmoja akaulizia kama kuna kitindamlo au ndiyo hiki.

Shemeji hakuulizwa neno. Alipewa paja la kuku. Niliyeitwa jikoni ni mimi. "Anatwanga kahawa kwenye kinu changu, wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa sebuleni, nimeshika pakiti, nasoma maandishi ya sisimizi. Lakini jikoni hapakuwa na fomu ya kujaza utetezi.

Shemeji akaondoka, pakiti ikabaki zaidi ya nusu. Kutupa ni kufuru, na Mama anauliza kila akipiga simu kama tunaendelea kuinywa. Ndipo nilipoipika yote, kwenye dele safari hii, nikaijaza kwenye chupa ya chai na kuipeleka kijiweni, niwaachie watu wengi wagawane dhambi.

Pale kijiweni mzee wetu wa kahawa anakaa na birika lake juu ya mkaa tangu mimi sijaota ndevu. Vikombe vyake vinalia mkononi, unavisikia kabla hujakunja kona. Waliokuwapo wanacheza bao. Nikafungua chupa, nikamimina.

"Nani kajipaka losheni?" mmoja akauliza, hajainua hata uso kutoka kwenye bao.

Nikampa mzee kikombe. Akakitazama ndani. Akavuta, kwa kelele, kuliko yule kijana wangu na wataalamu wote wa Moshi. Akanyamaza, mdomo umejaa. Mzee yule hatemi kitu mbele ya mtu aliyempa, kwa hiyo nilimwona akipiga moyo konde, akameza.

"Hii umeletewa," akasema. Hakuwa anauliza.

"Na shemeji, mzee wangu. Kutoka Marekani."

"Ndugu wa mkeo?"

"Kitindamimba."

"Pole, mwanangu."

Akachukua kikombe kingine, akamimina cha kwake, cheusi, kinatoa moshi, tangawizi inakohoza kwa mbali. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta sarafu. Akanizuia. Hicho hakidai, akasema, hicho ni cha kusukutulia.

Kashata nililipa.